Umeme ni rahisi, ati? Niulizeni mimi wa Etterbeek

Najua nimekuwa kimya muda mrefu na wengine mmeanza kusema nimemezwa na baridi. Sijamezwa. Nipo, mzima, naamka saa kumi alfajiri kama kawaida, na bado naishi ghorofa ya tatu hapa Etterbeek, karibu na La Chasse. Kilichonirudisha kuandika ni hasira. Na hasira yenyewe mmeisababisha nyie.

Juzi kwenye kundi letu la familia Mjomba katuma video ya dakika mbili. Mzungu kasimama kando ya gari linalong'aa, anasema kwa umeme anatembea wiki nzima kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa. Chini yake Mjomba kaandika: "Wenzenu huko wameshaachana na petroli, wewe ulikuwa unachelewa nini?" Mama Mdogo akajibu kuwa umeme wa Tanesco hata feni hauifikishi asubuhi, itakuwa gari! Shemeji akasema magari hayo yanawaka moto yenyewe. Katikati ya kelele zote hizo mdogo wangu wa mwisho, huyu mwenye bajaji pale Mbagala, akauliza swali moja la maana: "Kaka, niuze hii ya petroli nichukue ya umeme kwa mkopo, ndiyo au hapana?"

Hakuna aliyemjibu. Siku nne swali limekaa pale kama mgeni asiyekaribishwa kiti, huku nyie mnabishana kuhusu Wazungu. Sasa nimeamua kumjibu hapa, mbele yenu wote, kwa sababu mwaka 2024 na mimi nilikuwa na swali hilo hilo, nikalijibu kwa kutazama video kama ya Mjomba. Nimelipia. Risiti ninazo.

Mjomba, shikamoo. Nakuheshimu, unalijua hilo. Lakini kwa hili umepotea. Mama Mdogo, shikamoo, na wewe umepotea. Mmepotea kwa njia mbili tofauti, na aliye hatarini ni mtoto anayetaka kukopa pesa.

Nianze na kisa changu. Kazi yangu mnaijua: nasafisha ofisi. Naanza saa kumi na moja kasoro, wakati treni ya chini ya ardhi bado imelala, na majengo yenyewe mengine yako nje ya mji upande wa uwanja wa ndege. Bila gari kazi hiyo huifanyi. Nilikuwa na kigari cha petroli cha mwaka 2007, mtumba wa mtumba, lakini kilinitunza. Mwaka 2024 giaboksi ikafa, fundi akataja bei iliyozidi bei ya gari lenyewe. Basi nikasema huu ndio wakati. Nikakopa benki, nikanunua kigari cha umeme kilichotumika.

Kabla ya kununua nilipiga hesabu, msidhani sikupiga! Nilichukua bili yangu ya umeme ya nyumbani, nikaigawanya kwa uniti, ikaja kama senti 35 za euro kwa uniti moja pamoja na kodi zote. Nikazidisha, nikaona nitatumia kama nusu ya pesa ya petroli. Nikafurahi, nikawapigia simu, mnakumbuka nilivyojigamba.

Nilisahau kitu kimoja tu. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, gari linalala barabarani.

Hebu tulieni hapo kidogo, maana ndipo penye siri yote. Etterbeek ni mtaa wa nyumba ndefu nyembamba zilizobanana, nyingi zilijengwa kabla gari halijawa kitu cha kila mtu. Wengi wetu hatuna uwa, hatuna geti, hatuna gereji. Unazunguka dakika ishirini kutafuta nafasi, ukiipata unamshukuru Mungu hata kama ni mitaa mitatu kutoka kwako. Sasa huo umeme wa senti 35 uko ndani, kwenye soketi ya jikoni, na gari liko chini, labda mbele ya duka la mkate. Nifanyeje, niteremshe waya dirishani mita kumi na tano? Nilijaribu kulifikiria hilo kwa sauti mbele ya jirani yangu, bibi mmoja wa miaka themanini, akaniangalia akasema: "Kijana, nitajikwaa nife, halafu utalipa zaidi ya petroli." Alikuwa na haki.

Kwa hiyo unachaji kwenye nguzo za mtaani. Zipo, sisemi hazipo, na kila mwaka zinaongezeka. Lakini nguzo ya mtaani ina mwenye nguzo, ina mwenye kadi, ina mwenye programu ya simu, na kila mmoja anakula kidogo. Bei niliyokuwa nakatwa ilikuwa wastani wa senti 57 kwa uniti. Nikiwa na haraka nikaenda kwenye chaja zile za kasi kando ya barabara kuu, ilikuwa senti 76. Na gari likishajaa usipoliondoa unalipa kwa dakika, kama teksi inayokusubiri! Sasa mtu amelala saa tano usiku kwa sababu anaamka saa kumi, gari limejaa saa saba. Nani ataamka kwenda kulihamisha kwenye mvua?

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Novemba 2024 hadi Oktoba 2025, mwaka mzima, kila senti. Gari lilikula wastani wa uniti 19 kwa kilomita 100, maana majira ya baridi betri inachoka na hita inakula, tofauti na yale maandishi ya kwenye karatasi ya muuzaji. Kile cha petroli kilikuwa kinakunywa lita 6.8 kwa kilomita 100, nikaweka petroli kwa euro 1.60 kwa lita. Haya, someni wenyewe, gharama ya kila kilomita 100:

Petroli: euro 10.88
Umeme, kama ningekuwa na soketi nyumbani: euro 6.65
Umeme, nguzo ya mtaani: euro 10.83
Umeme, chaja ya kasi: euro 14.44

Mmeona? Umeme wa mtaani na petroli vimetofautiana SENTI TANO. Mwaka mzima nilitembea kilomita 9,800. Umeme ulinikata euro 1,103, ukiongeza na 64 za kuchelewa kuondoa gari kwenye nguzo, jumla 1,167. Petroli ingenikata kama 1,066. Ile soketi ya nyumbani ambayo sina ingenikata 652 tu.

Ili nisionekane mwenye chuki, niseme na mazuri. Sevisi ilishuka. Hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi za injini, breki haziishi haraka kwa sababu gari likipunguza mwendo linajirudishia umeme lenyewe. Hapo niliokoa kama euro 150. Kodi ya barabara nayo ilishuka, maana hapa Brussels gari la umeme linalipa kiwango cha chini kabisa, kama euro 100 kwa mwaka, nami nilikuwa nalipa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Lakini kwa kuwa gari ni la mkopo, benki ikataka bima kubwa, ikapanda kwa euro 380. Jumlisheni, toeni: mwisho wa mwaka nilikuwa nimepoteza kama euro 220 kuliko ningebaki kwenye petroli. Hilo la bima si kosa la umeme, nakubali. Lakini mfuko wangu hauulizi kosa ni la nani.

Sasa mtaniuliza, mbona yule Mzungu wa kwenye video anacheka? Anacheka kwa sababu ana nyumba. Ana gereji, ana soketi ukutani, pengine ana na paneli za jua juu ya paa. Kwake hesabu ni ya kweli kabisa. Hakudanganya! Amesahau tu kutaja nyumba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gereji hamjui mwenye kuzunguka mtaa.

Na kuna wengine wanaocheka zaidi yake. Hawa nawajua vizuri kwa sababu nasafisha sakafu zao. Chini ya majengo ya ofisi, kuanzia Schuman pale mpaka njia ya uwanja wa ndege, kuna maegesho ghorofa mbili tatu kwenda ardhini. Saa kumi na moja alfajiri yanaanza kujaa magari mapya ya umeme, makubwa kama nyumba ya kuku, kila moja na nguzo yake. Hayo ni magari ya kampuni. Ubelgiji ina mchezo huu wa siku nyingi: badala ya kukuongezea mshahara ambao utakatwa kodi nzito, mwajiri anakupa gari, zamani na kadi ya mafuta, siku hizi na kadi ya kuchajia. Serikali ilibadilisha sheria mwaka 2021: magari mapya ya kampuni yanayoagizwa kuanzia 2026, yasiyotoa moshi ndiyo yanayoendelea kupata nafuu kamili ya kodi. Kwa hiyo kampuni zimekimbilia umeme. Vizuri kwa hewa, sikatai, na mimi navuta hewa hiyo hiyo. Lakini tazameni nani analipa nini. Anayelipwa mshahara mkubwa anachaji kwa sifuri. Anayeosha sakafu chini ya gari lake analipa senti 57.

Usiku mmoja nilimwomba msimamizi wa jengo fulani, kwa adabu, kama naweza kuchomeka gari langu saa mbili tu wakati nasafisha, nguzo zote ziko wazi, na nitalipa. Akasema haiwezekani, nguzo ni za wafanyakazi wa jengo. Nikamwambia mimi nafanya kazi humu miaka sita. Akasema wewe ni mfanyakazi wa kampuni ya usafi, si wa jengo. Nikachukua fagio langu. Nguzo arobaini zilikuwa zinang'aa taa za kijani usiku kucha, bila gari hata moja!

Ndiyo maana nasema, na hili ndilo neno langu la leo, mlishike hata kama mengine mtayasahau: GHARAMA YA GARI LA UMEME HAIKO KWENYE GARI, IKO KWENYE SOKETI. Ukiniambia gari la umeme ni rahisi au ni ghali bila kuniambia linalala wapi na soketi ni ya nani, hujaniambia kitu. Petroli ni tofauti. Petroli bei yake ni moja kwa tajiri na maskini. Hapa Ubelgiji serikali inaweka bei ya juu isiyovukwa, na kwetu Ewura inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bilionea na mimi tukifika sheli moja tunalipa sawa. Umeme wa gari hauko hivyo. Maskini anaununua ghali kuliko tajiri, na halafu anaambiwa yuko nyuma ya wakati.

Sasa Mama Mdogo, zamu yako. Usishangilie. Najua umesoma mpaka hapa unasema "si nilisema?" Hapana mama, hukusema hivi. Wewe ulisema kwetu haufai. Mimi nasema hesabu ya Etterbeek ndiyo mbovu. Ya Mbagala ni nzuri kuliko ya kwangu, tena kwa mbali!

Nimebuni kipimo changu, hakihitaji shule. Jiulizeni hivi: pesa ya lita moja ya petroli inanunua uniti ngapi za umeme? Basi. Hapa Etterbeek, kwenye nguzo ya mtaani, euro 1.60 inanunua uniti 2.8. Kwa gari langu hiyo ni sare kabisa, ndiyo maana daftari lilisema nilivyosema. Kwa mwenye soketi nyumbani inanunua 4.6, huyo ameshinda. Sasa twendeni Dar. Mwaka 2025 petroli ilicheza kati ya shilingi 2,700 na kitu na 3,000 na ushee, tuseme 2,900. Uniti moja ya Luku kwa mteja wa kawaida, kundi la T1, ni shilingi 292, na ukiweka kodi na tozo inakuwa kama 356. Gawanyeni. Lita moja inanunua uniti NANE. Nane, wapendwa! Hakuna mtu Etterbeek, hata yule mwenye gereji, anayepata hesabu hiyo.

Na zaidi ya hapo, nyie mna kitu ambacho mimi sina na sitakipata hapa hata nikifanya kazi miaka thelathini: uwa. Pale nyumbani Mbagala bajaji inalala ndani ya geti, chini ya mwembe, hatua nne kutoka kwenye soketi ya barazani. Mnaniona mimi ndiye niliyeendelea kwa sababu nakaa Ulaya. Kwa hili, mwenye bajaji chini ya mwembe ni tajiri kuliko mimi.

Suala la kukatika umeme ni la kweli, silifichi. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 hakuna aliyeusahau. Lakini bwawa la Nyerere kule Rufiji limeanza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yake tisa jumla ni megawati 2,115. Umeme wa kuzalisha sasa upo, kinachosumbua zaidi ni nyaya na transfoma za mitaani. Na bajaji si feni. Feni ikikatikiwa saa nane usiku unaamka na jasho saa hiyo hiyo. Bajaji ina betri, hiyo ndiyo tenki yake. Ikipata saa tano au sita za umeme ndani ya usiku mzima, inatosha. Wala kukatika hakumpati mwenye umeme tu. Siku mafuta yanapoadimika sheli zinafungwa, na foleni yake mnaijua.

Haya mdogo wangu, sasa nakujibu wewe. Chukua kalamu.

Tuseme unatembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Bajaji yako ya petroli, kwa foleni za Mbagala na Kariakoo, nimeiwekea lita 4 kwa siku. Hiyo ni shilingi 11,600. Ya umeme nimeiwekea uniti 9 kwa siku pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Hiyo ni kama 3,200. Unabakiwa na 8,400 kila siku, kwa mwezi kama 218,000. Hizi ni hesabu zangu za mezani. Wewe kabla ya kusaini chochote pima za kwako wiki mbili, andika lita na kilomita kila jioni. Usiniamini mimi, amini daftari.

Lakini kuna mtego, na huu sijausikia kwenye video yoyote. Nyumba ya Mama, kama bado iko kwenye kundi la D1, inanunua uniti kwa shilingi 100, kama 122 ukiweka makato. Bei hiyo ni kwa wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Bajaji yako peke yake itakula uniti 230 na ushee! Ukichomeka kwenye Luku ya Mama, utamtoa Mama kwenye kundi lake, na hata taa na friji yake vitaanza kulipiwa 356. Kwa uniti 70 alizozoea, hiyo ni nyongeza ya kama shilingi 16,000 kila mwezi, kwa mwanamke anayeuza maandazi. Hatakuambia. Atazima friji tu. Kwa hiyo ama unaomba mita yako mwenyewe, ama kila mwezi unamnunulia Mama Luku kabla hujajinunulia soda. Hili si ombi.

Ukitoa hiyo, umebakiwa na laki mbili kwa mwezi. Hapo sasa ndipo mkopo unapimwa. Anayekuuzia akikwambia rejesho la mwezi, chukua rejesho hilo, toa pesa utakayopata kwa kuuza ya petroli ukiigawa kwa miezi ya mkopo. Kinachobaki kikiwa chini ya laki mbili, kopa. Kikiwa juu ya laki mbili, mwambie asante, rudi nyumbani. Usishawishiwe na rangi wala redio.

Na uliza betri. Uliza dhamana ni ya miaka mingapi, na imeandikwa au imesemwa tu. Betri ndiyo roho ya chombo, ikifa umekufa nayo. Hili namwambia na Binamu anayetaka kuagiza Nissan Leaf ya zamani kutoka Japani kwa sababu ni ya bei poa. Binamu, zile za kwanza zilitoka mwisho wa mwaka 2010, betri ya uniti 24, na haina mfumo wa maji wa kuipoza. Joto linazichakaza, huko Marekani wenye nazo wa jimbo la Arizona walilalamika mwaka 2012 tu. Dar si Arizona, lakini si Hokkaido pia. Kwenye dashibodi kuna vistari kumi na viwili vinavyoonyesha afya ya betri. Mwambie muuzaji akupige picha ya vistari hivyo kabla hujatuma hata senti. Vikiwa saba au nane, hilo si gari, ni kitanda cha kuku.

Mkitaka mfano msitazame huku kwangu. Tazameni majirani. Kenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 zao kwa uniti, na 8 kwa saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo. Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yako barabarani tangu 2022. Kigali, Ampersand wanabadilisha betri za pikipiki tangu 2019: unaacha iliyokwisha, unachukua iliyojaa, unaondoka, huhitaji hata soketi. Na kuanzia Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za abiria za petroli. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kabisa kuingiza magari ya mafuta, kwa sababu umeme wa mabwawa wanao na dola za kununulia mafuta hawana. Hawa hawakungoja video. Walipiga hesabu ya lita kwa uniti, wakaona nilichokiona.

Hapa Brussels kuna eneo linaitwa Heyvaert, kati ya Anderlecht na Molenbeek. Kwa miaka mingi hapo ndipo magari makuukuu ya Ulaya yanakusanywa, yanapelekwa bandari ya Antwerp, yanapakiwa kwenda Afrika Magharibi. Sisi tunaendesha kushoto kwa hiyo ya kwetu yanatoka Japani, lakini habari ni moja: mashine wanazoziondoa kwenye miji yao ndizo tunazozinunua, pamoja na kiu yake. Na mafuta ya kuzinyweshea tunaagiza nje, lita kwa lita, wakati maji ya Rufiji yanapita mlangoni.

Najua Shemeji atauliza kuhusu kobalti ya Kongo. Anauliza vizuri. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kama asilimia 70, inachimbwa Kongo, kule Kolwezi na jirani zake, na watu wanaoichimba wanazungumza Kiswahili kama sisi. Wengine wanachimba kwa mikono na kufa mashimoni. Gharama hiyo haimo kwenye daftari langu, na ni aibu kwamba haimo. Ila betri za aina ya chuma na fosfati, ambazo sasa ziko kwenye magari na bajaji nyingi za Kichina, hazina kobalti. Uliza na hilo pia, mdogo wangu, dukani. Na petroli nayo ina makaburi yake, tusijifanye hatujui.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mimi wa Etterbeek: nilikosea, kwa sababu sikuwa na soketi. Ningenunua petroli ya mtumba ningekuwa na euro 220 zaidi na usingizi zaidi. Wewe wa Mbagala: ndiyo, kama rejesho liko ndani ya laki mbili, kama betri ina dhamana ya maandishi, na kama Luku ya Mama haiguswi. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, baki na petroli yako bila kuona haya, na mtu asikucheke.

Na nyie wengine, tafadhali, mkiona video nyingine ya Mzungu na gari linalong'aa, kabla ya kuituma mulizeni kwanza: bwana, unalala wapi?

Mimi nakwenda kuzunguka kutafuta nguzo, zimebaki kilomita 31 na kesho kazi iko pale pale. Msalimieni Mama. Tutaonana Mungu akipenda.